Nepi za Binti Yangu na Kamba ya Uani

Mimi nina hasira za karibu, nakubali kabla mtu hajanisemea. Lakini katika maisha yangu yote sikumbuki kitu kilichonipandisha mori kama nepi za binti yangu wa kwanza. Si mtoto, jamani. Mtoto nilimpenda mpaka nikawa mjinga. Ni nepi. Vitambaa kumi na viwili vya taulo, vyeupe, nilivyovipiga pindo kwa mkono nikiwa na tumbo la miezi minane. Mtoto alipofikisha miezi mitano vilikuwa vinanuka hata vikiwa vimefuliwa, vimekauka na kukunjwa kabatini.

Niieleze hiyo harufu, maana kuna watu watadhani nadekadeka. Mkojo wa mtoto wa sasa hivi hauna neno. Hii ilikuwa harufu ya kuchoma pua, ile inayokutoa machozi ukiingia zizi la mbuzi ambalo halijafagiliwa. Nepi ikiwa kavu, harufu ilijificha. Mtoto akikojoa mara moja tu, inaamka. Pasi ya makaa ikipita juu, inaamka. Nilikuwa napiga pasi huku nimegeuza uso pembeni, nagombana na kitambaa kama mtu aliyenikosea adabu.

Tulikaa Busia, miaka ya sabini, kwenye ploti ya vyumba sita vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja la wote, na kamba ya nguo iliyovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Mume wangu alikuwa karani wa forodha pale mpakani na Uganda. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Nilitoka alfajiri na kurudi saa saba mchana, na mtoto nikimwacha kwa jirani wa mlango wa pili, mama Mwislamu, mke wa dereva wa lori. Wanawe walikuwa wameshakua na kuondoka. Siku niliyomaliza likizo ya uzazi na nikawa nimesimama mlangoni nalia, sijui niende shule au nirudi ndani, alinyoosha mikono akasema, "Lete mtoto, mwalimu. Nenda kafundishe." Ndivyo tulivyoanza, na kwa neno hilo moja namshukuru mpaka leo.

Mama mkwe wangu alikaa kijijini Moding, mjane, mkulima, mwenye ng'ombe zake. Mimi ni mtu wa Sio Port, kando ya ziwa, kwa hiyo Kiteso sikukijua, na yeye Kisamia hakukijua. Tulielewana kwa Kiswahili chake cha sokoni. Mtoto alipozaliwa alikuja kunilea wiki tatu, akanikanda, akanipikia uji, akaniosha mgongo. Lakini kabla hajaondoka aliniwekea sheria moja.

"Nguo ya mtoto hapana kaa nje," aliniambia. "Hapa ni mpaka. Watu napita, wewe hapana jua huyu, hapana jua yule. Mtu iko na jicho mbaya akiona nepi, basi ameona mtoto."

Mimi, mwalimu mwenye cheti, nilicheka kimoyomoyo. Lakini mkwe ni mkwe. Alipopanda gari tu nikamwambia mume wangu agonge misumari miwili chumbani, mmoja juu ya dirisha, mwingine juu ya kabati, tukafunga kamba. Nepi zikawa zinakaukia humo humo tunamolala. Msimu wa mvua zilichukua siku mbili, na siku ya pili ukizishika bado zina ubaridi wa kunata. Nilizivalisha hivyo hivyo, kwa sababu mtoto hangoji.

Harufu ilipoanza, dawa yangu ilikuwa moja: sabuni. Ikizidi, naongeza sabuni. Wakati ule ng'ambo sabuni ilikuwa imeadimika, akina mama wa Uganda wanavuka kuitafuta kwetu pamoja na chumvi, wanaificha vifuani kama dhahabu, na mimi huku nayeyusha nusu mche kwenye beseni moja la nepi. Nilifua mpaka vidole vikachubuka. Nikatia buluu, zikang'aa. Nikanyunyiza poda. Nikamvalisha mtoto chupi ya nailoni juu ya nepi ili harufu isitoke. Haikutoka kweli, ilikaa ndani ikimla ngozi.

Mama mkwe akaja Jumamosi moja, na debe la wimbi na kuku. Akampokea mtoto, akambusu, kisha uso wake ukakunjana. Akafungua pini ya nepi. Mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu, na kwenye mikunjo ngozi ilikuwa imeanza kutoka.

Akaifunga pini tena. Kisha akasema, "Ninyi watu ya samaki, kweli hapana sikia harufu."

Utani wa samaki nilikuwa nimeuzoea, alinitania nao tangu siku ya posa, na mimi nilimrudishia kwa utani wa Wateso na pombe yao ya mirija. Siku hiyo haukuwa utani.

"Hii mtoto inaungua," akaendelea. "Wewe iko na kazi ya watu, hapana kosa yako. Lakini mimi nachukua yeye Moding. Wiki mbili. Nikikuja nipate yeye hivi, naenda na yeye."

"Atanyonya nini, mama?"

"Ng'ombe yangu iko na maziwa. Hata baba yake alikunywa hiyo."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anavitazama viatu vyake. Mama alipoondoka nikamvaa. "Husemi kitu?" Akajibu, "Mama ameshasema." Mungu wangu! "Na mimi je? Mimi ni kabati humu ndani?" Nilipiga kelele mpaka ploti nzima wakazima redio zao wanisikilize vizuri.

Sikutaka kumdharau mama yule. Kwetu sote mtoto kulelewa na bibi si ajabu wala si aibu. Lakini mimi mwenyewe nililelewa na bibi, nikarudishwa kwa mama yangu nikiwa na miaka saba, nikamwamkia kama ninavyomwamkia mgeni, nikauliza choo kiko wapi. Mama aligeuka akafuta macho kwa kanga. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa inanijia kila nikimpakata binti yangu. Nilijua akienda Moding atapendwa, atashiba, na siku moja ataniuliza choo kiko wapi.

Wiki ya kwanza nilipigana kwa silaha zile zile. Sabuni mara mbili. Nikachemsha nepi ndani ya maji ya sabuni. Mapaja yakazidi. Nilifundisha darasa la kwanza a, e, i, o, u huku nahesabu siku, na watoto wa watu walichapwa bila makosa. Hilo pia nakiri.

Jumanne ya wiki ya pili nilirudi saa saba, nikamkuta jirani yangu mlangoni kwake amebadilisha kanga. Asubuhi nilimwacha na ya maua, sasa kavaa ya mistari, na ile ya maua imelowekwa pembeni. Nikakumbuka kwamba kila siku nikirudi namkuta na kanga nyingine. Kumbe! Damu ikanipanda kichwani.

"Yaani hata wewe?" nikamwambia. "Hata wewe mtoto wangu anakunukia, unakimbilia kubadilisha nguo?"

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kuzungumza taratibu hata nyumba ikiungua. "Kaa kwanza, mwalimu."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini sikiliza. Mimi naswali adhuhuri. Mtoto akinilowesha, siwezi kusimama mbele ya Mungu na nguo ile. Huo ni mkojo wa kawaida, watoto wangu wote walinikojolea. Lakini nepi zako, mwalimu, zina mkojo hata zikiwa kavu. Nimekaa nalo hili miezi. Nilidhani nikikwambia utaniona najidai msafi."

Angalieni jinsi nilivyomjibu mtu aliyekuwa ananilelea mwanangu. Nilimwambia, "Mimi nafua kila siku! Sabuni ninayotumia mimi inatosha kijiji!"

"Unafua. Nimekuona. Husuuzi."

Nikaanza kumwonyesha vidole vyangu vilivyochubuka.

Akanichukua mkono kama ninavyowachukua mimi watoto wa darasa la kwanza, akanipeleka bombani. "Wewe unatia beseni moja la maji, unachovya. Nepi ya kwanza inaacha mkojo wake na sabuni yake humo. Ya pili inaoga maji ya ya kwanza. Ya kumi na mbili inaoga ya wenzake wote. Halafu unazikamua unasema zimetakata. Kwetu sisi hiyo haijatoharika. Maji lazima yapite juu ya nguo na yaende zake, mpaka harufu iondoke. Yakizunguka humo humo, umehamisha tu."

Nilitaka kubisha. Nikaishia kuuliza tuanze lini.

Siku iliyofuata, nilipotoka shule, tulianza. Akaleta debe kuukuu la mafuta, akaliteleka juu ya mafiga matatu uani. Maji alikataa ya bomba. Maji yetu yalikuwa na chumvi, sabuni ilikuwa inaganda ndani yake badala ya kutoa povu. Tukachota ya mvua kwenye pipa lililokinga maji ya mabati. Nikatia nepi zote kumi na mbili, zile zile "safi" kutoka kabatini, mtoto nikamfunga kipande cha kanga kuukuu. Nikanyoosha mkono kuchukua sabuni.

"Wacha sabuni."

"Bila sabuni?"

"Sabuni imo. Ngoja uone."

Akatia kijiko kimoja cha magadi, haya haya ya kulainishia maharagwe, basi. Maji yalipopata moto, povu likaanza kupanda. Haki ya Mungu, sikutia hata chembe ya sabuni, na povu likajaa mpaka mdomo wa debe, la kijivu, lenye utando, na harufu iliyotoka ilitufanya sote wawili turudi nyuma. Ile ndiyo sabuni yangu ya miezi mitano. Ilikuwa imeganda ndani ya nyuzi na kuufungia mkojo humo, na mimi kila siku naipaka nyingine juu yake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia kidogo. Yeye aliendelea kukoroga kwa mti.

Kusuuza kulichukua zaidi ya saa nzima. Mimi nilishika nepi kwa ncha mbili, yeye akamimina maji kwa jagi kutoka juu, yakapita, yakaenda kwenye mfereji. Nakamua. Ananusa. "Bado." Anamimina tena. Nyingine ziliitika mara ya tatu, nyingine mara ya sita. Alikuwa anazipitisha kati ya vidole, zikiteleza anasema bado zina sabuni, zikikwaruza kidogo anasema hii tayari. Ndoo ya mwisho alikamulia ndimu mbili ili magadi yasibaki yakamchoma mtoto. Chupi za nailoni akaniambia nizifungie mbali, na nepi chafu nisizifunike tena ndani ya ndoo kutwa nzima nikiwa shule. "Nipe mimi nizipitishie maji pale pale," akasema. Mtu ambaye mkojo ule ulikuwa unamharibia swala yake! Nikashika tu mkono wake wenye maji.

Akainua beseni kuelekea kamba ya uani. Hapo nikalishika beseni.

"Hapana. Si nje."

"Jua lile pale, mwalimu."

Nikamweleza sheria ya mama mkwe. Nilitarajia atacheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nikiicheka. Hakucheka, na mimi mkono wangu haukuachia beseni. Cheti changu chote cha ualimu na bado nimeng'ang'ania.

"Jicho lipo," alisema. "Na sisi tunalijua. Lakini kamba yako ya chumbani ndiyo inayomla mtoto, na huyo adui unamuona kwa macho. Tuombe, tuanike."

Akasoma dua yake kimya kimya, viganja wazi. Mimi Mkatoliki nikafanya ishara ya msalaba juu ya nepi kumi na mbili. Mke wa fundi viatu wa chumba cha tano alikuwa anatutazama toka mlangoni, naamini anasimulia mpaka kesho. Tukaanika.

Jioni nilianua zilizowahi kukauka. Nikanusa ya kwanza, haikuwa na kitu. Nikailowesha kusudi, nikapitisha pasi, pua juu yake, nikingoja. Hakuna. Nikamwita mume wangu anuse, akanusa, akasema, "Inanuka nguo tu." Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo kutoka kwake, na alishanitongoza vizuri tu wakati wake.

Tangu siku hiyo kila nepi ilipitishiwa maji pale pale na kuanikwa juani, na mtoto aliachwa wazi kila tulipoweza. Kufikia Ijumaa wekundu ulikuwa umepoa na vidonda vimefunga. Mpango wangu ulikuwa Jumamosi niamke mapema, nianike, nianue kabla ya saa sita, mama mkwe afike akute kamba ya uani tupu na mtoto mzima. Sikuona haja ya ugomvi wa pili.

Alifika saa tatu. Aliingia kwa mlango wa uani, kitambaa kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi, maziwa ya mtoto ya njiani, akajikuta uso kwa uso na nepi kumi na moja zimetandazwa mbele ya dunia nzima.

Mimi nilikuwa na mtoto kiunoni. Nilijiweka tayari, maneno yote nimeyapanga, na mengine yasingefaa kuambiwa mama mkwe. Jirani yangu alisimama mlangoni kwake, hakuingia ndani.

Mama aliweka kibuyu chini. Akaiendea kamba, akashika nepi ya kwanza kwa mikono miwili, akaipeleka puani. Akakaa nayo muda. Akashika ya pili, kisha ya tatu. Akanigeukia, akampokea mtoto, akafungua pini, akapapasa mapaja kwa kidole gumba, juu na chini, ndani ya mikunjo. Mtoto akacheka.

"Nani alifundisha wewe?"

Nikamwonyesha jirani. Wakaamkiana kwa kichwa.

Akakaa kwenye kizingiti changu. Alipozungumza hakututazama. "Mimi nilianika nje," alisema. "Baada ya mume yako, nilipata msichana. Nguo yake ilikuwa nyeupe. Watu walikuwa naenda mnada, wakasimama, wakasema, hii nguo mzuri, hii mtoto iko na bahati. Ikafika siku ya nne, mtoto hapana amka."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia anavuta pumzi. Hakuwahi kujua kuwa alikuwa na dada.

Hasira yote niliyoibeba wiki mbili, sijui ilipitia wapi kutoka. Miezi mitano niliitii ile sheria huku naicheka, na sikumuuliza hata mara moja aliitoa wapi. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nazianua sasa hivi," nikaishika ya kwanza.

Akanishika mkono.

"Wacha," alisema. "Bado maji. Ukianua sasa itanuka."

Akaomba kigoda. Akakiweka chini ya kamba, akakaa akitazama mlango wa uani, mtoto mapajani. Kila aliyeingia alimwamkia kwa sauti na kumtazama machoni mpaka akapita. Jirani yangu akatoka na kigoda chake, akakaa upande wa pili, akitazama mlango wa barabarani. Walikaa hivyo, jua likawazunguka, mimi nawaletea chai, na ndani ya moyo wangu nashukuru mpaka nashindwa kumimina.

Saa tisa nepi ya mwisho ilikauka. Mama aliianua mwenyewe, akamvalisha mtoto, akamweka mikononi mwangu, akaenda zake Moding peke yake.